Hukumu ikishatoka, nani anafungiwa mlango?

Ulizo moja linarudi kila mara mu makartye ya wafanyakazi wa migodi, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi. Wamoja wanauliza: «Tulisambaka, tukashindwa. Tunaweza kushitaki tena?» Wengine wanauliza: «Tulishinda, na sasa kompani inaturudisha ku tribinali juu ya mambo ile ile. Iko na haki?» Yanaonekana sawa maulizo mawili, lakini ni moja tu.

Maavoka wako na jina lake mu Kifaransa, autorité de la chose jugée, na wakilitamka mbele ya zuzi, familia inayokaa ku benchi ya nyuma inabakia paka kutazamana. Sisi tutasema kwa urahisi: nguvu ya mambo yaliyokwisha kukatwa. Tribinali ikikata mambo, na njia za kufanya apeli zikiwa zimekwisha, hakuna kuyaleta tena. Mlango umefungwa. Lakini umefungwa kwa nani, na juu ya nini? Hapo njo watu wengi wanapoteza haki yao bila kujua. Wamoja wanaacha kushitaki kwa kuzania kama mlango umefungwa, kumbe uko wazi. Wengine wanauza lupango ili kulipa avoka kwa mashitaki ambayo zuzi atayakataa bila hata kuyasikiliza mpaka mwisho.

Tuanze na sababu ya sheria yenyewe. Mu mazungumuzo watu wanasema iliwekwa kwa faida ya wakubwa. Si hivyo, ao tuseme si hivyo tu. Tuwaze mutumishi aliyefukuzwa kazi bila sababu, akasamba miaka mine, akashinda. Kompani iko na maavoka wanaolipwa kila mwezi. Yeye iko na avoka ambaye bado anamudai deni. Kama kompani ingeweza kila mwaka kuanza tena mambo ile ile mbele ya zuzi mwengine, nani angechoka wa kwanza? Mashitaki yasiyokuwa na mwisho ni silaha ya yule mwenye makuta ya kungojea. Njo maana sheria inasema: ilishakatwa, imekatwa. Inamulinda mwenye kushinda, akuwe mudogo ao mukubwa. Na inawalinda mazuzi wenyewe, wasiseme leo nyeupe na kesho nyeusi juu ya jambo moja.

Sheria hii inatoka mbali. Wafaransa waliiandika mu kitabu cha sheria cha Napoléon, mwaka 1804. Wabelgiji wakaichukua, na tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, wakati inchi yetu ilikuwa bado mali ya Léopold II, dekre juu ya mikataba ikaileta huku. Ingali inatumika. Inaomba masharti matatu, na yote matatu yanapashwa kukutana: kitu kinachoombwa kiwe kile kile, sababu iwe ile ile, na watu wawe wale wale, tena wakisimama mu cheo kile kile. Ikikosekana moja tu, mlango haufungwe.

Kwa kitu, haiko nguvu kuelewa. Mutu alishitaki kwa mishahara ya miezi sita ambayo hakulipwa, akashindwa. Mwaka kisha anashitaki tena, lakini sasa ni juu ya mukono wake ulioumia mu galeri. Mishahara ni jambo lingine, mukono ni jambo lingine. Hukumu ya kwanza haimuzuize.

Kwa sababu, ni nguvu zaidi, na hata mazuzi wenyewe wamegombana sana hapo. Tutoe mufano mumoja wa Ufaransa, kwa maana maavoka wetu na mazuzi wetu wanasoma sana hukumu za Paris na za Bruxelles. Mutoto mumoja alisema alimutumikia baba yake bila mushahara. Akashitaki. Alitumia sheria ya mashamba, ile inayosema mutoto anayetumika mu shamba la mzazi atalipwa siku ya urizi. Zuzi akasema: kazi uliyofanya haikuwa ya shamba, hauna haki. Yule mutu akarudi, akamushitaki ndugu yake mwenye kurizi, safari hii kwa sheria ingine: mutu hawezi kutajirika bure kwa jasho la mwengine. Franga zile zile, kazi ile ile, article ingine. Tarehe 7 mwezi wa 7 mwaka 2006, Cour de cassation ya Ufaransa, ikikaa na vyumba vyake vyote pamoja, ikamujibu: hapana. Ulipaswa kusema yote siku ya kwanza.

Kwetu sisi hukumu ile ni kali. Mutu akishindwa juu avoka wake alichagua article mubaya, kosa ni la avoka, lakini njaa ni ya mutu. Hata hivyo mawazo yale yameendelea: Wabelgiji nao, mu sheria ya mwezi wa 10 mwaka 2015, waliandika kwamba sababu ni ile ile hata kama umebadilisha musingi wa sheria unaotumia. Mutumishi wa huku akuwe na akili ya kulijua jambo hilo mbele ya kuingia. Siku anapokwenda ku Inspection du Travail kwa kupatanishwa (Code du travail ya mwaka 2002 inaomba kupitia kwanza huko mbele ya tribinali), aandike madai yake yote kwa mara moja: preavi, konje ambazo hakuchukua, franga za watoto, saa za usiku, prime, na malipizi ya kufukuzwa bila haki. Si kuanza na preavi mwaka huu na kuacha mengine ya mwaka kesho.

Na asome vizuri kile wanamuomba kusaini. Mapatano yaliyosainiwa na pande mbili ili kumaliza ugomvi, hata kama hakuna zuzi aliyekaa, yanafunga mlango kati yao karibu sawa hukumu. Wengi mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hawajasahau mwaka 2003, wakati watumishi 10,655 wa Gécamines walitoka kwa ile Opération Départs Volontaires iliyolipiwa na Banque mondiale. Wengi kati yao walitumia miaka wakifuata mambo yao, wakisema hesabu haikutimia. Kila fasi walipopita waliwekewa mbele karatasi ile ile, yenye sinyatire yao chini.

Sasa tuje ku watu. Hapa njo familia zinapaswa kufungua masikio.

Papa alisamba na kompani juu ya dekonte yake, akashindwa, apeli ikashindwa, kisha akafariki. Mama mujane anataka kuanza tena kwa dekonte ile. Hawezi. Kwa dekonte ya bwana yake, yeye anasimama fasi ya bwana yake. Kwa macho ya sheria ni mutu yule yule aliyerudi. Lakini tuseme papa alikufa mu ajali ya kazi, na mbele ya kufa alikuwa amekwisha kushitaki kwa matunzo ya hospitali. Mama anashitaki kwa hasara yake yeye mwenyewe: bwana amepotea, watoto hawana wa kuwalipia masomo, nyumba haina mushahara. Hapa hasimame tena fasi ya bwana yake. Anasimama sawa mujane, na watoto sawa mayatima, kwa maumivu yao wenyewe. Mutu anaweza kuwa mumoja na vyeo viwili, na hukumu inafunga cheo kimoja bila kugusa kile kingine. Tunajua familia zinazoambiwa ku biro ya kompani: «Mambo ya muzee ilishakwisha ku tribinali, rudieni ku nyumba.» Pengine ni kweli. Pengine ni nusu ya kweli.

Vilevile kwa wenzake wa kazi. Watumishi makumi ine wanashitaki, wanashindwa. Wa makumi ine na mumoja, ambaye hakuandikwa mu mashitaki yale, hafungwe na hukumu yao. Lakini asifurahi mbio: kama wangeshinda, asingeweza vilevile kuja na hukumu yao na kusema «na mimi munilipe». Nani anaandikwa mu liste, na nani hapana, ni jambo la kuchunga sana wakati sindika inapokusanya majina.

Ngambo ya mupaka, ku Chingola, majirani zetu wa Zambia walionyesha vile inapita. Mu mwezi wa 11 mwaka 2006 maji ya sumu kutoka mu viwanda vya Konkola Copper Mines yaliingia mu muto Mushishima na mu Kafue. Watu 2,001 walishitaki mu Zambia. Zuzi wa Lusaka aliwapa haki mwaka 2011. Lakini mwaka 2015 Cour suprême ya Zambia, hata kama ilikubali kosa la kompani, iliona kama ni watu 12 tu walioleta karatasi za muganga zenye kutosha, na malipizi yakabakia kwa hao 12. Mwaka ule ule wa 2015, watu wengine 1,826 wa vijiji vya kando ya muto walikwenda kushitaki London, juu ya kompani na juu ya Vedanta, kompani-mama yake. Muto ule ule, kompani ile ile, lakini watu wengine: hukumu ya Lusaka haikuwafunga. Kompani zilipigana sana kuonyesha kama London haikuwa fasi ya mashitaki yale, na mu mwezi wa 4 mwaka 2019 Cour suprême ya Uingereza ikasema mashitaki yanaweza kusikilizwa kule. Mwaka 2021 pande zote zikapatana, bila kompani kukubali kosa. Wale 1,989 waliokatwa na hukumu ya Zambia, wao walikuwa wamekwisha kusimama mbele ya zuzi na mikono mitupu. Karatasi ya muganga inapaswa kutafutwa mbele, hapana kisha.

Kuna jambo lingine, na hili mutu anaweza kulitazama yeye mwenyewe ku nyumba. Hukumu inaandikwa mu Kifaransa ya kutisha, kurasa na kurasa za «attendu que». Zipite zote, uende ku ukurasa wa mwisho, fasi zuzi anapokata. Hapo njo nguvu ya hukumu inapokaa, haikae mu maelezo ya mbele. Tafuta neno moja. Kama imeandikwa «non fondée», maana yake zuzi alitazama mambo yako ndani na kusema hauna haki. Ukingoja apeli ikupite, mlango umefungwa kweli. Kama imeandikwa «irrecevable», mara nyingi zuzi hakuingia ndani: karatasi ilikosekana, avoka hakuwa na mamlaka ya kukusemea, haukupitia ku Inspection du Travail. Rekebisha kile kilichokosekana na, kama wakati wa kushitaki haujapita, unaweza kurudi. Tumeona watu waliolia miaka juu ya neno «irrecevable» sawa vile walikuwa wamezikwa, na hakuna aliyewaambia kama lilikuwa paka neno la ku mlango.

Kwa apeli mu mambo ya sivile, ni siku 30, zinazohesabiwa toka siku hukumu inapoletwa kwako kwa sheria na wisye. Yule ambaye hakuitwa mu mashitaki, na hukumu inamuletea hasara (lupango ya familia iliyokatwa kati ya watu wawili wengine, kwa mufano), yeye iko na njia yake inayoitwa tierce opposition. Na kama hukumu ilipatikana kwa karatasi za uongo, kuna njia ingine, ya nguvu zaidi, requête civile. Hizi zote zinaonyesha kama wenyewe walioandika sheria hawakuamini kila hukumu sawa neno la Mungu.

Na hapo tunafika ku mambo ya Kilwa, ambayo njo yaliyotusukuma kuandika ukurasa huu.

Kilwa iko ku kando ya ziwa Moero, mu teritware ya Pweto. Mwaka 2004 shaba na feza ya Dikulushi, mugodi wa kompani Anvil Mining, kilometa karibu 50 na muji, ilikuwa inapitia mu bandari ya Kilwa kuvuka kwenda Zambia. Tarehe 14 mwezi wa 10, kikundi kidogo cha waasi kikachukua muji. Kesho yake jeshi likaurudisha. Watu zaidi ya 70 walikufa, na wachunguzi wa MONUC waliandika kama wamoja kati yao waliuawa kisha kukamatwa, bila hukumu yoyote. Maaskari walitumia magari na ndege za kompani. Kompani ilisema siku zote kama ni jeshi lililozichukua kwa amri, na kama haikuwa na namna ya kukataa.

Mu mwezi wa 10 mwaka 2006, maaskari 9 na watumishi 3 wa kompani walishitakiwa. Wakasambishwa hapa Lubumbashi mbele ya Cour militaire ya Katanga, hata wale raia watatu, na Katiba ya mwaka ule ule, mu article ya 156, inasema tribinali za jeshi ni kwa maaskari na mapolisi. Tarehe 28 mwezi wa 6 mwaka 2007 hukumu ikatoka. Juu ya mauaji ya Kilwa, wote 12 wakaachiliwa. Maaskari wamoja walihukumiwa kwa mambo mengine, hapana ya Kilwa. Tribinali ilisema watu wale walikufia mu mapigano. Siku chache kisha, Louise Arbour, aliyekuwa mukubwa wa haki za binadamu ku UNO, akaonyesha mashaka yake wazi. Familia zilizoingia mu mashitaki kuomba malipizi zilitoka mikono mitupu. Mwisho wa mwaka ule, ku Kinshasa, mlango wa apeli nao ukafungwa.

Wawaze sasa wasomaji wetu masharti matatu tuliyoeleza. Wale 12 hawawezi tena kushitakiwa kwa vitendo vile vile: mutu akiachiliwa kwa hukumu ya mwisho, hasambishwe mara ya pili. Iko mu mapatano ya dunia juu ya haki za raia, article ya 14, ambayo inchi yetu ilikubali mwaka 1976, na ni sheria nzuri. Bila hiyo mutu angeweza kukamatwa kila mara ya serikali kubadilika. Na familia? Tuseme mama aliyefiwa mu Kilwa anakwenda mbele ya zuzi wa sivile kuomba malipizi kwa watu wale wale. Hapo anakutana na ukuta mwengine: kile zuzi wa mambo ya jinai amekwisha kukata, zuzi wa sivile hawezi kukata kinyume. Tribinali ya jeshi ilisema walikufia mu mapigano. Basi zuzi wa sivile atasema namna gani kama waliuawa? Hukumu moja, ya tribinali ambayo mama yule hakuichagua, ilimufungia ulimwengu muzima.

Njo maana familia zilitoka inje ya inchi. Mu mwezi wa 11 mwaka 2010 shirika lililofanyizwa kwa ajili yao lilishitaki kompani ku Montréal, mu Québec, fasi kompani ilikuwa na biro. Mu mwezi wa 4 mwaka 2011 zuzi wa kwanza akakubali kuwasikiliza. Tarehe 24 mwezi wa 1 mwaka 2012 zuzi wa apeli akakataa: biro ya Montréal ilifunguliwa mwaka 2005, kisha mauaji, na haikuwa na neno mu mambo yale, tena hawakuonyesha kama hawawezi kusamba mu Congo ao mu Australia, inchi ya kompani. Mu mwezi wa 11, Cour suprême ya Kanada ikakataa kuyachukua. Musomaji achunge: Québec haikusema kama familia hazina haki. Ilisema: munapiga hodi ku nyumba isiyo yenu. Kwa machozi ya mama ni kitu kimoja. Kwa sheria si kimoja, kwa maana hukumu ya namna hiyo haifunge mlango wa fasi ingine.

Na mlango mumoja ulifunguka, ule wa Komisyo ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake ku Banjul, mu Gambie. Mashirika matatu yalipeleka malalamiko kwa jina la watu wanane na familia zao. Kwa nini hukumu ya Lubumbashi haikuwazuia kule? Kwanza, watu si wale wale. Mushitakiwa alikuwa serikali ya Congo yenyewe, hapana wale 12, na hata kompani hapana. Pili, sababu si ile ile: hawakuuliza tu nani aliua, waliuliza pia kama serikali ilifanya vizuri kusambisha vile ilisambisha. Tatu, na hapa njo utamu wa sheria, Charte ya Afrika mu article ya 56 inakataa mambo yaliyokwisha kukatwa kati ya mataifa, sawa ku UNO, lakini haikatae mambo yaliyokatwa na tribinali ya inchi. Kinyume: inaomba mupite kwanza mu tribinali za inchi mpaka mwisho. Hukumu ya 2007, fasi ya kuwa kufuli, ikakuwa tiketi ya kuingilia.

Komisyo ilikata mambo mwaka 2016, na mwaka 2017 watu wote wakajua. Ilisema serikali ilivunja haki za watu wale, pamoja na haki ya kusikilizwa na tribinali yenye uhuru. Iliomba walipwe dola milioni 2.5, wazikwe kwa heshima wale waliotupwa mu kaburi moja, na serikali iombe musamaha. Tena iliomba serikali iwafuatilie na kuwaazibu maaskari na watumishi wa kompani waliokuwa na lawama.

Mutu ataweza kuuliza: serikali itamwazibu namna gani mutu ambaye tribinali yake yenyewe ilimuachilia? Ulizo ni la haki, na ni gumu. Mapatano ya Roma, yale yaliyojenga Cour pénale internationale ku La Haye na ambayo inchi yetu ilikubali mwaka 2002, yako na jibu kwa CPI: article ya 20 inasema hukumu ya kwanza haimuzuize CPI kusambisha tena, kama tribinali ya kwanza ilifanya kazi ya kumuficha mutu na lawama, ao haikuwa na uhuru na haikuonyesha nia ya kutafuta haki. Kwetu sisi hapo njo musingi wa mambo yote. Kufuli ya hukumu inapata nguvu yake juu watu walisikilizwa kweli. Pale ambapo hawakusikilizwa, imebakia tu karatasi yenye muhuri.

Kuna njia ingine, isiyoomba kuvunja hukumu. Germain Katanga (jina lake Katanga, lakini alikuwa mukubwa wa wapiganaji wa Ituri) alihukumiwa na CPI mwaka 2014 miaka 12 kwa mauaji ya Bogoro ya tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2003. Alipoletwa Kinshasa kumaliza kifungo, serikali ikamufungulia mashitaki mengine mbele ya tribinali ya jeshi. Maavoka wake walisema: amekwisha kuhukumiwa. Mu mwezi wa 4 mwaka 2016, wakubwa wa CPI wakajibu kama mashitaki yale yanaweza kuendelea, kwa maana vitendo vile si vile alivyohukumiwa kwavyo La Haye. Mutu mumoja, vitendo vingine.

Kwa Kilwa ni kugeuza: vitendo vile vile, watu wengine. Hukumu ya tarehe 28 mwezi wa 6 mwaka 2007 iko na majina 12. Yule ambaye jina lake haliko mule, awe soda aliyepiga risasi ao mukubwa aliyetoa amri, hakusambishwa siku ile na hakuachiliwa siku ile. Makosa ya vita, kwa Mapatano ya Roma, hayaozeshwe na miaka. Kitu kinachokosekana ni zuzi wa kufungua dosye. Na familia za Kilwa, zenye hukumu ya Banjul mukononi, ziliendelea miaka na miaka kungojea franga na makaburi.